Tope lilizaliwa mlimani, mimi nikilinda ukingo

Mvua ya kwanza ya msimu ule ilinyesha alfajiri, wala haikufika saa nzima. Ilipokatika nilishuka kijitoni na chupa zangu mbili za sampuli, nikiwa na utulivu wa mtu aliyejiandaa. Wiki mbili nyuma tulikuwa tumeuzungushia ukingo wote wa upande wa ujenzi kitambaa cheusi cha kuzuia tope, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeutembea mstari wote nikitikisa vigingi kimoja kimoja kuona kama vimeshika. Nilipofika kwenye jiwe bapa ninalosimama siku zote kuchota maji, jiwe halikuonekana. Kijito kilikuwa kinapita juu yake kwa rangi ya tofali bichi, kizito, bila ule mlio wake wa kugonga mawe.

Nilitafuta palipovuja, na sikutafuta sana. Mahali mstari wa kitambaa ulipokatiza kijibonde kidogo, maji yalikuwa yamejikusanya nyuma yake, yakachimba chini, yakapita. Kwingine kote kitambaa kilikuwa kimesimama wima, hakina hata alama ya tope. Mstari wote ule mrefu haukuwa umefanya kazi yoyote, na kile kipande cha mita mbili kilichohitajika kilikuwa kimelala kifudifudi.

Nilikuwa mtaalamu wa maabara katika idara ya biolojia ya chuo kikuu. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuwaandalia wanafunzi mazoezi ya kijitoni: nyavu, trei nyeupe, vioo vya kukuzia. Wanainua mawe, wanahesabu vijidudu, wanaandika. Chuo kilipoamua kujenga jengo jipya la madarasa na maabara kwenye mteremko ulio juu ya kijito hicho hicho, niliombwa niwe jicho la chuo upande wa maji. Nilikubali papo hapo. Ni kijito chembamba, mtu mzima anakivuka kwa hatua mbili tatu, kimebanwa kati ya barabara na nyumba, na njiani kinapitishwa chini ya makaravati kabla ya kuufikia mto. Lakini chini ya mawe yake kulikuwa na uhai ambao wageni hawakuutarajia, na mimi nilikuwa nimeuzoea kama mtu anavyowazoea majirani.

Wengi huliona tope kuwa kero ya macho tu: litapita, kesho maji yatakuwa safi. Ni kweli kwamba juu husafika. Madhara hukaa chini. Vijidudu vingi vya kijitoni huishi katika vinafasi vilivyo kati ya kokoto, na baadhi ya samaki hutaga humo humo. Tope laini likitua huziba vile vinafasi, maji yenye oksijeni hayapenyi tena, na mayai hukosa hewa pale pale yalipotagwa. Wanaobaki ni wastahimilivu, minyoo na mabuu mekundu ambayo wekundu wake ni himoglobini, inayoyawezesha kuishi penye oksijeni haba. Baada ya mvua ile nilifunua mawe kumi chini ya saiti. Sita yalikuwa yamegandamana na tope kiasi kwamba ilibidi niyang'oe kwa mikono miwili.

Usiku ule nilirudi kwenye hesabu niliyoijua tangu masomoni lakini sikuwahi kuifikiria nikiwa nimevaa buti. Mwaka 1851 George Gabriel Stokes alieleza kwa fomula jinsi chembe ndogo inavyozama katika kimiminika. Kwa fomula hiyo, punje ya mchanga mwembamba ya milimita 0.1 hushuka mita moja ya maji yaliyotulia kwa dakika kama 2. Chembe ya milimita 0.01 huhitaji saa kama 3. Chembe ya udongo wa mfinyanzi ya milimita 0.002 huhitaji siku 3 hivi, na hapo maji yawe yametulia kabisa, jambo ambalo shimo la saiti halilipati. Kwa hiyo kitambaa na bwawa la kutuamishia, lile shimo la saiti ambamo maji husimama ili tope lizame, vitakamata mchanga. Mfinyanzi ukishachanganyika na maji, umekwenda. Na udongo wa mteremko wetu ulikuwa mfinyanzi mtupu.

Aliyenitoa ukingoni ni mzee mmoja mwendesha kijiko. Alikuwa ananitazama kila siku nikihangaika na vigingi kule chini, hadi siku moja akazima mashine akanijia.

"Mama, hapo chini unafika wakati shughuli imeshakwisha," alisema. "Mvua ikija, panda juu. Uone maji yanakotoka."

"Juu wapi, Mzee? Saiti inaishia kwenye uzio."

"Saiti inaishia. Maji hayaishii."

Mvua iliyofuata ilinikuta juu kwenye uzio, nimevaa koti la mvua, mzee yuko pembeni yangu. Nje ya uzio kulikuwa na uwanja wa zamani wa kuegesha magari, wa lami, na barabara inayoushukia. Maji ya huko kote yalikuwa yanakusanyika kwenye kona moja, yanapita chini ya mabati ya uzio, yanaingia kwetu. Niliyakinga kwenye chupa: meupe. Niliweza kusoma maandishi ya daftari langu nikitazama kupitia chupa. Tukayafuata yakishuka kwenye udongo uliochimbuliwa. Hatua ishirini chini nikakinga tena, na safari hii sikuona kidole changu upande wa pili.

Yalikuwa maji masafi, na sisi ndio tuliokuwa tunayachafua kwa kuyaacha yapite kwetu.

Hesabu yake ni nyepesi na ingefaa ibandikwe kwenye kila ofisi ya saiti. Milimita 1 ya mvua juu ya hekta 1 ni lita 10,000. Mvua ya milimita 20, ambayo haimtishi mtu, ni lita 200,000 kwa hekta, na juu ya lami karibu zote hutiririka. Mimi nilikuwa napambana na mafuriko yale kwa kitambaa kinachonifika magotini. Mzee alichonga tuta na mfereji kuzunguka upande wa juu wa saiti kwa siku mbili, tukatandika mawe sehemu zenye mteremko mkali ili mfereji usijichimbe, na maji ya lami yakapelekwa pembeni hadi kwenye majani mapana yasiyoguswa na ujenzi. Tulipoona mvua iliyofuata, bwawa letu la kutuamishia halikujaa hata nusu. Siku mbili za kijiko zilifanya kazi kubwa kuliko kitambaa chote tulichonunua.

Kitambaa nacho hatukukitupa. Tulikihamisha kikafuata usawa wa mteremko badala ya kufuata ukingo, ncha zake tukazikunja kuelekea juu ili maji yasizunguke, na chini tukakifukia kwenye mtaro wa sentimita 15. Kwenye vijibonde hatukuweka kitambaa tena. Pale panataka mawe. Na tope likifika theluthi ya kimo chake, linazolewa. Hili la kuzoa ndilo lililosahaulika mara nyingi zaidi, kwa sababu kitambaa kilichoelemewa kwa mbali huonekana kama kiko kazini.

Mvutano mkubwa ulikuwa juu ya udongo mtupu wenyewe. Mteremko wote ulikuwa umekwanguliwa mwezi wa kwanza, pamoja na sehemu zisizotarajiwa kuguswa kwa miezi mingi, ili greda lisilazimike kurudi. Tone kubwa la mvua hugonga ardhi kwa kasi inayofikia mita 9 kwa sekunde. Likikuta majani, nguvu yake huishia hapo. Likikuta udongo mtupu hurusha chembe pande zote, na kwenye mteremko nyingi huangukia upande wa chini. Niliyasema haya kwenye kikao cha kwanza nikasikilizwa kwa adabu, halafu ratiba ikabaki ilivyokuwa. Nilitoka nimeumia. Kikao cha tatu nilibadili njia. Nilikwenda na picha za mitaro ya msingi iliyojaa tope, iliyochimbwa mara mbili, na hesabu ya siku ambazo malori yalikwama langoni. Msimamizi wa mradi aliziangalia picha zile muda mrefu kuliko alivyowahi kuangalia picha zangu za vijidudu. Siku ile tulikubaliana: sehemu yoyote itakayokaa siku 14 bila kuguswa inatandazwa majani makavu, na langoni panawekwa mawe makubwa ya kukung'uta magurudumu. Sikufurahi kwamba vijidudu havikutosha. Lakini majani yalitandazwa.

Katika kikao hicho mhandisi mmoja aliuliza, bila ubaya, kama kweli kuna chuo kinachojisumbua hivi kwa mfereji mdogo wa mjini. Nilimtajia Strawberry Creek, kijito kinachopita katikati ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kiliharibiwa na ukuaji wa mji na kuvuja kwa majitaka, hadi mwaka 1987 ulipoandaliwa mpango wa kukirejesha. Walianza kwa kuziba majitaka na kutuliza kingo, na baadaye samaki wa asili walirudishwa humo, wakaishi. Mhandisi aliandika jina lile kwenye daftari lake. Sikuwahi kumuuliza kama alilisoma zaidi, ila tangu siku ile alikuwa akiniita kabla ya kubadili mtaro wowote.

Kisha ikaja Jumapili ya pampu.

Shimo la msingi lilikuwa limefika chini ya kina cha maji ya ardhini, likawa linajaa mchana na usiku. Kijana mmoja alipewa kazi ya kulikausha. Jumapili ile nilipita kijitoni tu, sikuwa kazini, jua kali, mvua hakuna siku kadhaa, na maji yalikuwa mekundu. Nilipanda juu nikihema. Bomba la pampu lilikuwa limeelekezwa kwenye mtaro wa barabara, linatapika tope zito, na kijana amekaa kwenye kivuli cha kontena akiangalia saa.

Nilikuwa nimekasirika. Nilimshukuru Mungu baadaye kwamba nilimuuliza swali kabla ya kumfokea.

"Umeambiwa uyapeleke wapi maji haya?"

"Nimeambiwa nikaushe shimo, Mama. Kesho asubuhi mafundi wa nondo wanaingia."

"Na mtaro huu unakwenda wapi?"

Akanyamaza, kisha akasema ukweli ambao nimeubeba tangu siku hiyo: "Hajaniambia mtu."

Alizima pampu, tukashuka wote. Nilimwonyesha mdomo wa karavati, pale mtaro wake unapomwaga. Nilifunua jiwe la juu ya karavati, nikampa aone vijidudu vyenye mikia mitatu myembamba vikikimbilia kivulini, kisha nikafunua la chini. Hakusema kitu. Aliinama akafunua mengine mawili mwenyewe. Tuliporudi alivuta bomba hadi kwenye bwawa la kutuamishia. Siku iliyofuata nikakuta ametoboa pipa matundu, amelijaza kokoto, na kulitumbukiza mdomo wa pampu ndani yake, pipa lenyewe akalining'iniza kwa kamba ili lisiguse sakafu ya shimo, avute maji ya juu yaliyotulia. Mimi sikumfundisha hilo. Mipango yote ya kulinda kijito ilikuwa imeandikwa, imepigwa mihuri, iko kwenye faili ofisini, na mtu mwenye swichi mkononi hakuwa ameonyeshwa hata ukurasa mmoja. Na mimi nilikuwa miongoni mwa walioiandika. Toka hapo kila kibarua mpya, kabla hajashika sepetu, alikuwa anateremka nami kijitoni kwa dakika kumi.

Ningependa niishie hapo, lakini kuna siku ya zege, na siwezi kuiruka.

Tulikuwa tumeshazoea kupima ukungu wa maji. Nilikuwa na mrija mrefu wa plastiki angavu wenye alama nyeusi na nyeupe chini; unaujaza maji, unayapunguza hadi alama ionekane, unasoma kimo. Asili yake ni sahani ambayo Angelo Secchi, padri na mwanaastronomia wa Italia, aliizamisha baharini mwaka 1865 kupima uangavu wa maji. Ni kifaa rahisi na cha kweli, na kwa miezi kilikuwa kinanipa faraja: maji yanazidi kung'aa. Asubuhi moja nilisoma mrija, alama ikaonekana mrija ukiwa umejaa hadi juu. Nikaandika "safi". Nilipoinua macho nikaona samaki wadogo wameelea kando ya mizizi, matumbo juu. Niliwaokota kumi na saba. Nakumbuka idadi kwa sababu niliwapanga kwenye trei nyeupe ile ile ya wanafunzi.

Gari la zege lilikuwa limeoshwa jioni iliyotangulia karibu na mtaro. Maji yaliyoosha zege bichi hufikia 12 hadi 13 kwenye pH, kipimo cha uchachu na ukali wa magadi majini, na kipimo hicho hupanda mara kumi kwa kila namba: kutoka 7 ya maji ya kawaida hadi 12 ukali wa magadi yake umeongezeka mara 100,000. Samaki wengi wa maji baridi hawavumilii zaidi ya 9. Zaidi ya hapo, pH ikipanda, amonia isiyo na madhara makubwa iliyomo majini hugeuka kuwa ile yenye sumu. Na chembe za saruji zikishatua, maji hayo yanaweza kuwa meupe kama ya bomba. Mrija wangu haukuweza kuyaona. Mimi nilikuwa nimekubali jibu la swali moja kana kwamba ni majibu ya maswali yote, na karatasi za kupimia pH zilikuwa kwenye droo maabarani, mwendo wa dakika nne.

Tulichimba shimo la kuoshea mbali na mitaro yote, likatandikwa plastiki nene, maji yakaachwa yakauke na zege ligande, kisha livunjwe na kubebwa kama kifusi. Madereva walionyeshwa, mmoja mmoja, kwa mkono. Haikutokea tena. Wale kumi na saba hawakurudi kwa hilo.

Kuhusu ushahidi niseme machache. Kila mara mtu alikuwepo wa kusema kijito cha mjini huwa na tope mvua ikinyesha, ujenzi uwepo usiwepo. Ana haki ya kusema hivyo usipokuwa na sampuli mbili: moja juu ya saiti, moja chini yake, zilizochotwa ndani ya saa ile ile. Hapo mjadala hufungwa. Nilichokosa ni vipimo vya mwaka mzima kabla kijiko cha kwanza hakijafika, na nilijuta, hadi nilipokumbuka kabati la madaftari ya mazoezi. Miaka na miaka ya wanafunzi, mwandiko wa kila aina, idadi ya kila kijidudu chini ya kila jiwe. Hakuna aliyeyaandika akijua yatakuwa shahidi. Nilikaa siku nne nikiyanakili.

Miti ya ukingoni tuliipigania mapema na tukashinda, kwa uzio uliowekwa mbali na mashina, usawa wa ncha za matawi, kwa sababu mizizi hufika huko na kokoto zikirundikwa juu yake udongo hushindiliwa hadi mti unakauka polepole, miaka baada ya mkandarasi kuondoka. Bustani za kunyonya maji ya paa tuliombea tatu. Zimejengwa mbili. Pa ile ya tatu pana maegesho, na kona hiyo maji bado yanashuka kwa kishindo. Ukingo wa ng'ambo umeanza kulika. Nimeandika barua mbili kuhusu kona hiyo na ya tatu iko njiani.

Jengo sasa linatumika. Yule kijana wa pampu aliajiriwa na chuo upande wa matunzo, na wingu likikusanyika hunipigia: "Mama, mimi napanda juu." Nami huchukua jembe langu, tunakutana kwenye midomo ya zile bustani mbili, tunaondoa majani yaliyoziba kabla tone la kwanza halijaanguka.

Chini ya karavati la mwisho kuna kidimbwi ambako tope la msimu ule wa kwanza lilitua. Kila mwanzo wa mwezi nakichoma kwa kipande cha nondo kuona limebaki kina gani. Mwaka ule lilinifika gotini. Mwezi huu limenifika juu kidogo ya kifundo cha mguu, na nondo iligonga jiwe.